Taa ya Kumshtaki Hezroni

Asteria alipopata kazi Same mjini, babu yake Sifael aliitangaza habari hiyo Mhezi nzima, kijiji chao cha mlimani, kuanzia kanisani hadi kwa wauza ndizi: mjukuu wake ameajiriwa kuwasha taa. Hakusema uongo. Karakana iliyomwajiri ilitengeneza visanduku vya kuendeshea pampu za maji za umeme wa jua, kila kisanduku kikiwa na vitaa vidogo mbele, na Asteria ndiye aliyeandika programu za kuvitawala vitaa hivyo. Lakini jamani, kuna namna ya kusema kweli inayomfanya mtu atamani angesingiziwa, na mzee Sifael aliijua namna hiyo barabara.

Kila Asteria alipopanda mlimani kwa likizo, mapokezi yalikuwa yale yale. Babu alimwita mke wangu, kama mababu wanavyowatania wajukuu zao wa kike, akamshika mkono mpaka ukutani penye swichi ya sebuleni. Akaibonyeza, taa ikawaka. Akaibonyeza tena, ikazima. Kisha akauliza na yeye cheti chake anakwenda kukichukulia chuo gani. Bibi Agatha, ambaye kwa utani huo huo alikuwa mke mwenza wa Asteria, alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Ila mwezi wa tisa mwaka huo hakukuwa na swichi wala kicheko. Asteria alimkuta babu barazani, kanuna, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni. Akamwamkia, babu akaitikia marahaba. Akamuuliza habari za afya, babu akasema marahaba. Jirani akapita njiani na kupaza sauti kwamba mbuzi wameingia kwenye maharage, naye akaitikiwa marahaba kwa heshima zote, na mbuzi wakaendelea kula.

Bibi Agatha alimvuta mjukuu jikoni, wakakaa kuchambua mahindi na maharage ya kupikia makande, na hapo ndipo Asteria alipopewa habari kamili.

Juu ya mashamba yao kuna ndiva, bwawa walilolichimba wazee wa zamani. Maji ya kijito huingia humo usiku kucha, asubuhi likijaa mwenye zamu huondoa kizibo, na maji hushuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Mlinzi wa ndiva ni mzee Hezroni, rika moja na babu, waliobatizwa siku moja na ambao hawajapatana juu ya jambo lolote tangu siku hiyo. Bwawa likijaa, Hezroni hupuliza pembe ya tandala. Mwenye zamu asipotokea, maji hayamsubiri, anapewa anayefuata. Na atakayekosa mara tatu katika kiangazi kimoja, zamu yake inakwenda kwa mtu mwingine mpaka mwakani.

Mzee Sifael alikwisha kukosa mbili. Zamu iliyofuata ilikuwa Alhamisi, na maharage ndiyo kwanza yanatoa maua. Yakikosa maji wakati huo, babu na bibi wangemaliza mwaka kwa kununua chakula sokoni, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile tangu Bibi Agatha aolewe.

"Na yeye anasemaje?" Asteria aliuliza.

Alisema, kumbe, kwamba Hezroni hapulizi. Anamfanyia makusudi. Siku ikiwa ya mtu mwingine pembe inalia mpaka Chome, siku ikiwa ya Sifael pembe inakohoa. Kwa hiyo anakwenda kufungua kesi baraza la kata. Na Mpare akishatamka neno kesi, hata kama ni kesi ya yai, ujue moyoni mwake mashahidi wameshapangwa na rufaa imeshakatwa.

Asteria akataja masikio. Bibi Agatha akageuka haraka kutazama mlangoni, ingawa yule waliyemwogopa asingesikia hata kama wangepiga ngoma. Mambo ya masikio hayatajwi, alisema. Mzee akikaa mbele yako anakutazama midomo, mnaongea vizuri tu, bila yeye mwenyewe kujua kwamba anaitazama. Ukimpa kisogo, umepotea. Kanisani kwaya inamaliza wimbo, yeye bado yuko ubeti wa tatu, peke yake, kwa sauti kubwa, na mchungaji anasubiri kwa adabu. Kijana mmoja alithubutu kumshauri akapimwe hospitali, akaambiwa kwamba watu wa siku hizi ndio wanaoongea kwa kubana midomo, wakapimwe wao.

Asteria aliumia sana. Huyo ndiye mzee aliyembeba mabegani kwenda kufungua ndiva ile ile, akimwambia asikilize jinsi maji yanavyoimba yakiingia kwenye mfereji. Kumwambia leo kwamba hasikii ilikuwa sawa na kumvua koti mbele za watu. Na kumwacha akose zamu ya tatu nako hakukuwezekana.

Asubuhi ya Jumatatu alivuta kigoda, akakaa mbele ya babu, uso kwa uso.

"Mume wangu, kesi yako haina ushahidi."

Mzee Sifael akakaa wima. Hakuna neno lingine ambalo lingemwamsha namna ile.

Asteria akampangia hoja kama wakili. Hezroni atasema alipuliza, babu atasema hakupuliza, na baraza litamwamini nani? Kinachotakiwa ni shahidi asiye na ndugu wala jirani. Ataweka boya kwenye ndiva, na barazani hapa ataweka taa. Ndiva ikijaa, boya linapanda, taa inawaka papo hapo. Taa ikiwaka na pembe haijalia, babu anapanda na kumkamata Hezroni amekaa tu. Babu aliuliza kama taa inakubalika mbele ya baraza la kata kuwa kidhibiti. Asteria akasema yeye ndiye fundi, atakuja kuapa. Babu alimtazama kwa mapenzi mapya kabisa, akamwita Bibi Agatha aje amwone mke mwenye akili.

Vifaa alikuwa navyo kwenye begi, maana fundi hasafiri mikono mitupu: vikompyuta viwili vidogo kama kiberiti, redio za kuviunganisha, paneli mbili za jua za ukubwa wa sahani, na vitaa. Programu ndiyo ilibidi iandikwe. Akakaa barazani na kompyuta yake magotini, na babu, aliyekuwa hajawahi kumwona mjukuu wake akifanya kazi, akakaa kumsimamia.

Aliuliza kwa nini kuwasha kitaa kunahitaji maandishi marefu kuliko waraka wa askofu. Asteria akamweleza kwa lugha ya ndiva. Ndani ya kompyuta, programu ni wakulima. Kila moja inataka maji, lakini hairuhusiwi kugusa kizibo. Kugusa vifaa ni kazi ya keneli, yaani kiini cha mfumo mzima, ndiyo kamati ya maji. Programu ikitaka taa iwake inaiomba keneli, na keneli inamtuma draiva, mtumishi wake anayejua taa ile iko kwenye waya gani na inawashwaje. Yeye ndiye anayemwandika huyo draiva. Na hapa hataki hata programu ya kuomba, kwa sababu programu huweza kukwama. Anataka draiva wa boya na draiva wa taa wafungamanishwe ndani kwa ndani, boya likinyanyuka taa iwake bila mtu wa katikati.

Babu alisikiliza akiwa amekazia macho midomo yake. Kisha akauliza kama huyo draiva anaweza kuhongwa.

Asteria akasema hawezi, anafanya alivyoandikiwa.

"Basi ana adabu kuliko Hezroni," babu akasema, akaagiza chai.

Jumanne Asteria alipanda kwenye ndiva kuomba ruhusa. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja mkavu aitwaye Jenifer, alikitazama kile kisanduku mbele na nyuma, akasema hana neno mradi hakinywi maji. Hezroni mwenyewe alikuwa amekaa kwenye jiwe, goti moja limefungwa kitambaa. Asteria alijiandaa kutukanwa. Badala yake mzee yule alisema ameshasikia kwamba inatengenezwa taa ya kumshtaki, basi aletewe aifunge mwenyewe, asije akaambiwa aliihujumu. Akalifunga boya kwa fundo zuri, bila kunyanyuka pale alipokaa, akauliza tu kama taa itamwamsha Sifael kweli. Asteria akasema itamwamsha. Hezroni akaitikia kwa kichwa na kutazama maji.

Jumatano wakafanya jaribio. Bibi Agatha na majirani walikusanyika barazani, babu amevaa kofia. Kitaa kilikuwa kinawaka tangu kilipounganishwa, na Asteria akawaambia wasijali, bado kinajipanga. Akampigia simu Hezroni anyanyue boya kwa mkono. Boya likanyanyuliwa, na kitaa kikazima.

Wakatazamana. Hezroni akaambiwa alishushe, kikawaka. Alinyanyue, kikazima.

Kumbe kitaa kiliungwa kinyume, kama vinavyoungwa vingi: ukipeleka umeme kwenye waya wake kinazima, ukiuondoa kinawaka. Si kosa, ni namna ya ufundi, ila keneli lazima ielezwe tangu mwanzo, kwa neno moja tu kwenye faili la maelezo ya vifaa. Na neno hilo Asteria, mwajiriwa wa vitaa, alilisahau. Alitamani ardhi immeze. Babu alinyanyuka taratibu, akaingia sebuleni, wakasikia swichi ya ukutani ikibonyezwa. Taa ikawaka. Ikabonyezwa tena, ikazima. Akarudi kukaa. Majirani walicheka mpaka jioni, na ilikuwa mara ya kwanza mwezi ule mzee Sifael kuonekana na meno.

Neno likaandikwa, kitaa kikanyooka.

Alhamisi, jua halijavuka mlima, babu alikuwa barazani ndani ya koti la ibada, jembe begani, kavalia kesi na shamba kwa pamoja. Jenifer alikuwa ameombwa awepo kwenye ndiva kama shahidi wa kamati. Asteria alisimama mlangoni na kikombe cha chai kilichopoa, akiomba Mungu redio isikwame.

Kitaa kikawaka, kijani, kimetulia.

Babu hakungoja. Alipanda ile njia kama mtu aliyerudishiwa ujana, jembe linapiga mgongo, Asteria nyuma yake akihema. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: atafika kabla pembe haijapulizwa, amkute Hezroni kakaa, amwoneshe Jenifer, mambo yaishe. Na hesabu ya Asteria ilikuwa nyepesi zaidi: babu atawahi maji, basi. Jinsi alivyokuwa na haraka ya kumwokoa, hakufikiria kitu kingine chochote.

Ndiva ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Ng'ambo ya pili, juu ya ukuta wa mawe, Hezroni alikuwa amesimama. Alikuwa ameshaiweka pembe mdomoni, mashavu yamevimba kama ya mtoto aliyeficha chakula, na aliipuliza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Ndege waliokuwa kwenye majani ya ukingoni waliruka wote kwa pamoja. Kule chini mashambani wanawake walinyoosha migongo na kutazama juu. Jenifer, aliyekuwa amesimama karibu, aliziba sikio kwa kidole.

Mzee Sifael aliitazama pembe. Akawatazama ndege. Akawatazama wale wanawake, kisha kidole cha Jenifer. Asteria aliona uso wa babu ukibadilika. Pembe ilikuwa imelia, kila kiumbe mlimani pale kiliisikia, na babu yake alikuwa amesimama mbele yake bila kusikia kitu. Jembe likashuka polepole begani mpaka likagusa chini.

Hezroni aliishusha pembe. Aliona kila kitu, na hakufurahi hata kidogo. Akazunguka ukingo wa bwawa akichechemea, akafika, akasema maneno yake akiwa ameinamia udongo, kama mtu anayeungama. Kwa kuwa ameinama, midomo haikuonekana.

Babu akamgeukia Asteria.

"Anasema nini?"

Asteria akafungua kinywa ajibu. Na babu, mbele ya Jenifer, mbele ya Hezroni, akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akamtegea sikio.

Asteria aliusogeza mdomo mpaka ukagusa mvi, akasema kwa sauti kubwa, kila mtu akisikia, huku machozi yanamtoka.

"Anasema alikuwa akishuka na pembe mpaka kwenye migomba yako, anakupulizia nyuma ya nyumba. Miaka yote hii. Mwaka huu goti limekataa."

Mzee Sifael aliinua kichwa polepole, kama anayehakikisha kwamba maneno yote yameingia. Kisha akavaa kofia. Akamwambia Jenifer kwamba kesi ameifuta na iandikwe hivyo. Akamtazama Hezroni kuanzia juu mpaka chini, macho yakaishia kwenye kile kitambaa.

"Ila goti lako nalishtaki," akasema. "Limeninyima maji mara mbili."

Hezroni akacheka kwanza, na babu akafuata. Walishikana mikono, hawakuachiana upesi, na walikwenda wote wawili kuondoa kizibo, wakibishana ni nani mwenye mikono dhaifu zaidi. Maji yakaingia kwenye mfereji. Asteria alimwona babu ameinama akiyatazama yanavyoruka kwenye mawe, kichwa amekiweka upande, na hakujua kama anayasikia au anayakumbuka.

Mchana walikula makande na parachichi, babu shati limelowa matope, ameridhika. Hakusema habari za masikio, na wenzake hawakuzisema. Alipomaliza sahani ya pili ndipo alipomwonesha Asteria kile kitaa cha barazani kwa kijiko.

"Mimi nikikiona hiki najua ndiva imejaa. Na yeye je? Atajuaje kwamba nimesikia?"

Alisema nimesikia, hakusema nimeona, na Asteria hakuona sababu ya kumsahihisha. Aliuliza tu anataka nini. Babu alitaka kitufe hapa barazani, na taa nyingine kule kwenye ndiva. Taa ya kijani ikiwaka huku, yeye anabonyeza, Hezroni anaiona yake kule juu inawaka, anajua ujumbe umefika, anakaa chini apumzishe goti. Pembe aendelee kupuliza kwa ajili ya wengine, lakini asijiumize mapafu kwa ajili yake.

Bibi Agatha aliondoka kwenda kuchukua chumvi, ingawa chumvi ilikuwa mezani.

Asteria alizitumia siku mbili zilizobaki za likizo kuandika: draiva wa kitufe, draiva wa taa ya pili, na neno la kinyume safari hii aliliandika kabla ya kitu kingine chochote. Babu alikuwa amekaa pembeni akimuuliza kila mara kama ameshaliandika. Jumapili jioni aliteremka Same, na Mhezi nzima ikajua kwamba mke wa Sifael sasa anawasha taa mbili.

Zamu chache baadaye Hezroni akampigia Asteria simu. Alianza kwa salamu ndefu, akaulizia kazi, akaulizia hali ya joto la Same, ndipo akaingia kwenye shauri lenyewe. Alisema mitambo ina hitilafu. Kila siku ya zamu ya Sifael, taa ya nimesikia inawaka kabla hajagusa pembe. Maji hayajafika hata nusu ya ndiva, boya limelala, taa inawaka. Juzi iliwaka hata yeye mwenyewe hajafika kwenye bwawa.

Asteria aliingiwa na wasiwasi. Akafungua faili zake, akaisoma kazi yake mstari kwa mstari, akaunga vifaa vya namna ile ile mezani karakanani, akajaribu kutwa nzima, na hakuona kosa lolote. Mwishowe akampigia Bibi Agatha.

Bibi alisema kosa lipo, na limevaa koti. Siku ya zamu mzee anaamka majogoo hayajawika, anajikokota mpaka barazani, anabonyeza kitufe, kisha anakaa kungoja kitaa chake kiwake. Ameulizwa kwa nini, akajibu kwamba yeye si mtu wa kungojwa, na tena Hezroni ajue nani anasikia upesi.

Kulirekebisha jambo hilo ni rahisi. Draiva aambiwe tu kwamba kitufe kisikubaliwe kabla boya halijapanda, ni mstari mmoja, na Asteria angeweza kuutuma akiwa hapo hapo mezani Same. Hezroni hupiga simu kila baada ya zamu kulalamika, na kila mara humwuliza mtambo utakuwa tayari lini. Asteria humwambia anaushughulikia, na mstari ule mpaka leo hajauandika.